Dakika ya Saba: Kinasa Sauti na Mwanamuziki

Ahsanteni. Kaeni, kaeni. Mlio nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Wengine mmeshanisikia nikilisema jambo hili: kila mtambo wa kurekodi unapoingia, tuulize unamfanya nini mwanamuziki. Nitalisema tena leo kwa sababu bado halijatendeka.

Nianze Unguja. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri. Safari hiyo mnaijua, siirudii. Mimi nataka muifikirie santuri yenyewe. Upande mmoja ulichukua dakika 3 na ushei, basi. Sasa taarabu ya usiku, ile ambayo mama anainuka na noti yake mkononi, anatuza, anarudi kukaa, ubeti unarudiwa, na mwenzake naye anainuka ili yule aliyekaa kona ile asikie vizuri kwamba ni yeye anayeambiwa, taarabu hiyo ina dakika 3? Ubeti ulirudiwa kwa kuwa kuna mtu kauomba kwa fedha yake. Chumba cha kurekodia hakina mtuzaji. Mwimbaji ikabidi achague beti zipi ziingie, na zilizobaki zikabaki. Toka siku ile mtambo umekaa ndani ya utunzi wetu, na haujatoka.

Najua kuna mtu ananiambia moyoni: mzee, bila santuri nani angemjua Siti? Kweli. Sauti yake ilifika kwenye migahawa ambayo mwenyewe hakuikanyaga. Na mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, asingerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, mwaka 1952, vidole vyake vingetufikiaje huku? Nilipolisikia gitaa lile mara ya kwanza nilidhani wamekaa watu wawili. Sina ugomvi na mtambo. Nasema kila mtambo unaoingia huamua nani aitwe mwanamuziki, na sisi tunapokea tu, hatuulizi.

Chukueni santuri ndogo za miaka ya sitini na sabini. Wimbo wa dansi ukiwa mrefu ulikatwa vipande viwili: upande huu mashairi, unageuza, upande wa pili chemko, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea. Mbaraka Mwinshehe anakuimbia shida zako zote, halafu unanyanyuka kitini, unageuza santuri, ndipo gitaa linaanza kazi. Hebu fikirini wimbo unaovunjika pale pale miguu inapotaka kuinuka!

Kanda ya redio ndiyo iliyotuponya. Tanzania hatukuwa na kiwanda cha santuri, zetu zilichapwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa, njia ya Nairobi ikawa nyembamba. Bendi ikabaki na mahali pamoja pa kuwekea sauti yake: studio ya redio, kwenye kanda. Na kanda haikuwa na haraka. Dakika 8, dakika 9, wimbo unakaa mzima, mashairi na chemko lake, bila kugeuzwa.

Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1981 nilikuwa mpiga tarumbeta wa pili katika bendi ya mkoani. Tulifanya mazoezi wiki tatu kwa nyimbo nne, kisha tukaja Dar es Salaam kurekodi. Tulikuwa kumi na mmoja. Tukaingizwa chumba kimoja, vinasa sauti, yaani maikrofoni, vichache, na fundi mitambo mmoja mwembamba asiyependa maneno mengi. Mnafikiri alituwekea kila mtu mlango wake wa sauti, aje achanganye baadaye? Baadaye haikuwapo! Alichanganya kwa miguu yetu. "Waimbaji, hatua moja mbele. Wa tumba, sogea mlangoni. Wa tarumbeta, nendeni ukutani." Anarudi kwenye chumba chake, anasikiliza, anatoka tena. "Solo, punguza. Wa tarumbeta, nimesema ukutani." Saa nzima ikaisha hivyo. Kila mmoja wetu akawa anajua sauti yake ni kubwa kiasi gani ndani ya sauti za wenzake. Ni elimu ambayo sijaiona ikitolewa chuo chochote.

Taa ikawaka. Wimbo dakika 8. Beti zikapita, chemko likaingia, gitaa la solo likapanda, na dakika ya saba, midomo yangu imeshachoka, nikaingia kabla ya wakati. Sauti moja tu. Fundi akazima. Hakuna aliyenikaripia, na afadhali wangenikaripia. Watu kumi walikuwa wamepiga dakika saba bila kosa, na zote zimekwenda kwa pumzi yangu moja. Tukaanza upya toka mwanzo. Mara ya pili mwimbaji alikohoa. Tukaanza tena.

Kabla ya mara ya tatu mpiga besi wetu, mtu mzima, alihama pale alipopangwa. Akaja kusimama upande wangu, akasema, "Mwanangu, usihesabu. Tazama mguu wangu." Nilipiga wimbo mzima macho yako kwenye kiatu chake. Dakika ya saba mguu ukashuka, nikaingia. Kwenye kanda ile mguu hausikiki. Kinachosikika ni tarumbeta imeingia mahali pake.

Mwaka jana nilimsimulia hayo kijana mmoja fundi wa studio. Akaniambia kwa upole, mzee, siku hizi kosa hilo tunalihamisha kwenye kompyuta, nusu dakika tu. Najua! Ndicho ninachokililia. Kosa linahamishwa, na mpiga besi haji kusimama upande wako. Alishapiga juzi peke yake, spika za kichwani masikioni, akaondoka. Au hakuwapo kabisa, besi imetoka kwenye programu.

Kwa nini zamani ukifungua redio wimbo umefika katikati, kabla mwimbaji hajafungua kinywa, unasema hawa ni Sikinde, hawa ni Msondo? Magitaa yalikuwa yale yale. Watu wale walikuwa wanajuana pumzi, wamepiga pamoja ukumbini wiki nzima, na studio iliwachukua kama walivyo. Kinasa sauti kilidai bendi. Kompyuta haidai bendi, na kisichodaiwa hakifanyiwi mazoezi.

Msije mkaondoka hapa mkisema nimewatukana bongo fleva. Miaka ya tisini vijana waliingia studio za akina Master J na P-Funk hawana gitaa, hawana tarumbeta, hawana mfadhili wa vyombo, wana maneno tu. Mtambo uliwafungulia mlango ambao bendi zetu zilikuwa zimeufunga. Tuliwadharau, na tulikosea. Wengine wana kina cha lugha ambacho watunzi wetu wangekiheshimu. Ninachowaombea ni wapate pia ule mguu.

Nilitaka kusema habari ya kamati iliyokuwa ikipitia mashairi kabla ya kurekodi, na namna ilivyotufanya mabingwa wa mafumbo, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Redio binafsi zilipoanza mwaka 1994, taifa likaacha kusikiliza wimbo mmoja kwa wakati mmoja. Hilo nalo ni mhadhara mzima. Malipo nayagusa tu: sheria ya hakimiliki na hakishiriki ni ya mwaka 1999, na wapigaji wengi wa kanda zile walikuwa wameshazikwa. Waliobaki wanasikia vidole vyao vikipigwa redioni na hawana nauli ya daladala. Tutakaa siku nyingine tulizungumze hilo kwa hasira inayostahili.

Nimeambiwa humu kuna wanafunzi wenye vyombo vyao. Tafadhali, nipeni dakika kumi zilizobaki. Kinasa sauti kimoja kipo hapa, nimekiweka katikati ya jukwaa makusudi. Njooni. Waimbaji karibu nacho. Wa besi, simama hapa, wenzako wauone mguu wako. Wa tumba, kule mlangoni. Na nyinyi wawili wa tarumbeta, nawaona mnakuja mbele. Ukutani, wanangu. Nendeni ukutani.