Kukatazwa na Kushindwa: Laptopu Kuukuu na Mifumo Mipya

Assalaamu alaykum. Mwenyekiti amenipa nusu saa, nami najijua, kwa hiyo sitaeleza mfumo endeshi ni nini. Aliyepanda ngazi za Ngome ya Lamu na jua hili la alasiri anajua.

Tangu Oktoba 14, 2025, siku Microsoft walipoiachia mkono Windows 10, wakaacha kuiletea masasisho ya kawaida ya usalama, swali ninaloulizwa barazani, msikitini, hata kwenye boti ya Mokowe ni moja: "Fundi, yangu itakubali Windows 11?" Jibu langu wengine mmeshalichoka, lakini nitalirudia. Kuna laptopu iliyokatazwa, yaani inaweza ila Microsoft wameikataa, na kuna laptopu iliyoshindwa, yaani haiwezi yenyewe. Asiyezipambanua atatupa mashine nzima, au atakesha na mashine isiyo na dawa.

Wengi wenu mna zile EliteBook 840 za mtumba, zilizotoka maofisini Ulaya. G5 nyingi zina prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ya Intel ya kizazi cha 8: hizo zinaruhusiwa. G3 ni ya kizazi cha 6, G4 ni ya 7: zimekataliwa. Sasa mwalimu anayeandika maandalio ya somo na kufungua barua pepe, G4 imempungukia nini? Mtaniambia, "TPM 2.0, fundi, ile chipu ya usalama." Haya. Mashine nyingi za vizazi hivyo viwili zinayo, ndani ya prosesa yenyewe. Imezimwa tu. Ingia BIOS, ile menyu ya kabla ya Windows kuwaka, tafuta PTT, ndilo jina la TPM hiyo kwa Intel, iwashe. Bado utakataliwa, maana prosesa haimo katika orodha ya Microsoft.

Na hiyo orodha ndiyo inayonipandisha mori. Ilipotengenezwa mwaka 2021, kizazi cha 7 kilibaki nje karibu chote. Nimesema karibu. Core i7-7820HQ, ya kizazi hicho hicho, iliruhusiwa. Mnajua ilikuwa imekaa wapi? Ndani ya Surface Studio 2, kompyuta ya Microsoft wenyewe! Walitoa sababu zao za draiva, zile programu za kuendesha vifaa, na sitasema ni uongo. Lakini mwana wa nyumbani akiingia harusini bila kadi, na jirani akarudishwa mlangoni, watu watasema tu.

Hayo ni ya kukatazwa. Kushindwa ni kwingine. Windows 11 toleo la 24H2 linataka prosesa inayoijua amri iitwayo POPCNT, na prosesa ya zamani kama Core 2 Duo haiijui. Hapo haiwaki kabisa. Hakuna ujanja wa flashi, wala dawa ya kombe haisaidii.

Namwona kijana pale nyuma anatabasamu. Laptopu yake iliyokatazwa ameiingizia Windows 11 kwa Rufus, programu ya kuandaa flashi ya kuingizia Windows, akaweka tiki pale pa kuondoa masharti, na inakwenda vizuri. Sina ugomvi nawe, mwanangu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, utusomee. Kama ni toleo 22H2 la Home au Pro, masasisho yake yalikoma Oktoba 2024. Kama ni 23H2, yalikoma Novemba 2025. Una Windows 11, na huna ulinzi kumshinda jirani wa Windows 10 uliyemcheka! Mashine iliyokatazwa kwa kawaida hupata masasisho ya kila mwezi, lakini toleo jipya la mwaka hailetewi. Ulifuate mwenyewe, faili la zaidi ya gigabaiti 5, kwa bando lako. Na Microsoft wameandika waziwazi kwamba mashine isiyotimiza masharti haina haki ya masasisho. Wakiyakata kesho, hawana deni nawe. Kwa hiyo msiniulize tu kama itaingia. Niulizeni nani atailea baada ya kuingia.

Kabla sijasahau, na hili wallahi ni kubwa kuliko Windows zote: diski. Mwalimu mmoja alinijia amekata tamaa. Dukani ameambiwa laptopu yake imekufa, anunue mpya, na bei ameshaandikiwa. Nikaiwasha. Taa ya diski haizimi, ndani inakwaruza kama panya darini. Nikafungua Task Manager: diski asilimia 100, na hakuna programu hata moja iliyofunguliwa. Nikafungua skrubu za chini. RAM, ile kumbukumbu ya kazi, ya gigabaiti 4 peke yake, meno yake yameota ukijani, chumvi yetu hii ya pwani. Nikayasugua kwa ufutio wa penseli, nikaongeza RAM, nikaitoa diski ya kuzunguka nikaweka SSD, diski isiyozunguka, ya inchi 2.5. Ikawaka kabla hajamaliza kujitanda buibui lake. Hakuna Windows 11 hapo. Ni Windows 10 ile ile, aliyoiandikisha kupata nyongeza ya masasisho hadi Oktoba 2026. Nanyi bado mnakimbilia kubadilisha mfumo, na diski inawalilia!

Mwenyekiti, naiona saa.

Wenye MacBook, haraka. OpenCore Legacy Patcher inaingiza mifumo mipya kwenye Mac walizoziacha Apple, nyingine za 2008. Lakini huko kushindwa ni kwa kweli: kadi za picha za zamani haziwezi Metal, teknolojia ya picha ya Apple, na draiva zake Apple walishaziondoa. Programu hiyo inazirudisha, kisha sasisho la mfumo linazifagia tena, na skrini inakuwa nzito hadi urudie kazi. Zima masasisho ya kujiendesha yenyewe. Na jueni Tahoe ya 2025 ndiyo macOS ya mwisho kwa Mac za Intel, kwa hiyo njia hiyo ina ukuta mbele.

Linux, mfumo endeshi mwingine wa bure, nilikuwa nimeitengea robo saa nzima. Basi nitaje moja: Mint, aina moja ya Linux, mnaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Washa, angalia waifai, sauti na printa, ndipo uamue. Core 2 Duo yenye SSD huko inaishi, kwa kiasi chake. Anayejaza ritani za kodi za KRA kwa fomu ya Excel yenye makro, vile vijiprogramu vya ndani ya fomu, ajaribu kwanza fomu hiyo kabla hajafuta Windows. Na mwenye mashine ya zamani ya biti 32, hata Debian 13 ya 2025, Linux nyingine, haina tena kisakinishi chake.

Mzee ananiuliza kuhusu antivairasi. Mzee wangu, hiyo ni siku nyingine.

Waliokuja na laptopu zao wazilete mezani hapa mbele, tuzifungue kabla ya magharibi. Zenye nywila, mwenye nywila awepo.