Injini ya Caravan unayopanda kwenda Zanzibar imetokea hapa | Historia ya spea za ndege Kanada

Mambo vipi wadau, habari za nyumbani, karibuni tena kwenye chaneli. Leo nipo Longueuil, mji uko ng'ambo ya mto Saint Lawrence ukitokea Montreal, na huko nyuma yangu ni kiwanda, kamera ndani hairuhusiwi kwa hiyo tutaongelea hapahapa nje. Sasa nyie mnaopanda Caravan kwenda Zanzibar au Serengeti, zile ndege ndogo za pangaboi moja, za Auric, za Coastal, na huko Kenya za Safarilink pale uwanja wa Wilson, Nairobi, injini yake ni PT6 na iliundwa na hawa hapa, Pratt & Whitney Canada. ATR za Precision injini ni za hawahawa. Q400 za Air Tanzania na za Jambojet, hawahawa tena.

Yaani watu tukiangalia ndege tunasoma jina la ubavuni tu. Kanada ina majina yake makubwa sawa, lakini mimi nikiisoma historia ya hapa naona kilichowaweka mjini ni spea. Injini, miguu, milango, magamba. Ngoja niwaeleze mtaelewa.

Ndege ya kwanza kuruka Kanada ni Silver Dart, Februari 1909, Baddeck huko Nova Scotia, iliruka juu ya barafu. Kampuni hii ya Longueuil ikaja 1928, na haikuja kuunda kitu chochote kipya, ilikuja kufunga na kukarabati injini za Wasp za Wamarekani. Karakana tu. Mwaka huohuo na de Havilland, waunda ndege wa Uingereza, wakafungua tawi lao Toronto.

Halafu vita vya pili. Hapo ndipo pananigusa sana. Kuna mama mmoja anaitwa Elsie MacGill, alipata polio akawa anatembea na fimbo, na ndiye mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamili ya uhandisi wa ndege, Chuo Kikuu cha Michigan 1929. Mwaka 1938 akawa mhandisi mkuu wa ndege kwenye kiwanda cha Canadian Car and Foundry, kiwanda cha mabehewa ya treni jamani, Fort William, siku hizi panaitwa Thunder Bay. Wakapewa kazi ya kutengeneza Hawker Hurricane, ndege za kivita za Waingereza, na kila kipande kilitakiwa kiingiliane na cha kule Uingereza, maana ndege ikiharibika vitani fundi anachukua spea yoyote aliyonayo anafunga, hawezi kuanza kupiga tupa. Mpaka 1943 walikuwa wametoa zaidi ya 1,400, na nusu hivi ya wafanyakazi walikuwa wanawake. Mama yule akabuni na aina yake ya kuhimili baridi, yenye skii badala ya matairi. Natamani mabinti wote wanaosoma fizikia huko nyumbani wamjue huyu mama.

Vita vikaisha, na wakajaribu kuwa wakubwa kabisa. Malton pembeni ya Toronto, kampuni ya Avro Canada ikaunda ndege ya kivita inaitwa Arrow, nyeupe, bawa la pembetatu, ikaruka mara ya kwanza Machi 25, 1958. Wazee wa hapa ukiwagusia hiyo ndege mpaka leo wanakasirika. Februari 20, 1959, siku ya Ijumaa, waziri mkuu Diefenbaker akatangaza bungeni mradi umefutwa, na siku hiyohiyo watu zaidi ya 14,000 wakakosa kazi, hapo sijataja wale wa viwanda vidogo vilivyokuwa vinaiuzia vipande. Ndege zenyewe zikakatwakatwa vyuma chakavu. Wahandisi wakatawanyika, Jim Chamberlin na wenzake wakachukuliwa na NASA, na yeye ndiye akaja kuwa mtu mkubwa kwenye chombo cha anga za juu cha Gemini. Inauma aisee, hata mimi ambaye sio nchi yangu inaniuma.

Lakini sasa angalieni hapa Longueuil kipindi hichohicho. Malton wanaunda ndege yenye mteja mmoja tu, jeshi la anga la nchi yao, akikataa basi imeisha. Huku timu ndogo ya wahandisi vijana wanahangaika na injini ndogo ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuifunga kwenye ndege yake. Hela walipata wapi? Spea! Kampuni mama ya Marekani ilikuwa imewaachia kazi ya kutengeneza vipuri vya zile Wasp za zamani, biashara inalipa, ila waliona kabisa injini za pistoni zinakufa, wakaichukua faida wakaitia kwenye injini za tabo, yaani zile ambazo gesi ya moto inazungusha mapanga ya ndani. PT6 ikawashwa mara ya kwanza 1960, Mei 1961 ikafungwa kwenye pua ya ndege ya Beech 18 ikapanda angani, na mpaka leo zimeshatengenezwa zaidi ya 50,000.

Na ni injini ya akili. Ndani kuna shafti mbili zisizoshikana kabisa. Washa feni moja uielekeze kwa feni nyingine iliyozimwa, ile ya pili itazunguka kwa upepo, ndiyo hivyohivyo, gesi ya moto inayotoka upande wa kompresa, ile inayoshindilia hewa, inaipuliza tabo ya pili na hiyo ndiyo inayozungusha panga. Halafu imekaa kinyumenyume, hewa inaingilia nyuma moshi unatokea mbele, siku nyingine ukisubiri Caravan angalia upande wa kulia chini ya pua utaona bomba moja nene la ekzosi. Na ile sehemu ya moto fundi anaweza kuifungua injini ikiwa bado ipo kwenye ndege, sasa kwa kiwanja cha vumbi porini hilo ni jambo kubwa sana, huna haja ya kusafirisha injini nzima.

Hapahapa Longueuil kuna Héroux, walianza 1942 kama karakana ya kuchonga vipuri. Hawa ndio walitengeneza miguu ya chombo kilichowashusha Wamarekani mwezini Julai 1969, na miguu hiyo bado ipo kulekule mwezini, kilichorudi ni sehemu ya juu tu.

Dreamliner, yaani Boeing 787, za Air Tanzania na Kenya Airways je? Lile ganda la pale bawa linapounganika na tumbo linatoka kiwanda cha Boeing Winnipeg, nyuzi za kaboni zile. Na Airbus A220 ambayo Air Tanzania ilipokea Desemba 2018, ya kwanza Afrika, ilifungwa Mirabel kaskazini ya Montreal, japo mabawa yalitoka Belfast. Siku hizi ndege hazitoki nchi moja.

Wengi mnaniuliza inbox utaingiaje kwenye hizi kazi. Hapa Quebec kuna École des métiers de l'aérospatiale ya Montreal kwa ufundi wa mikono, na École nationale d'aérotechnique pale Saint-Hubert kwa mafundi sanifu, na zote mbili Kifaransa kinatangulia, anza nacho huko huko kabla hujafikiria viza. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanaokuja hapa wana nafuu kwa hilo. Na kama umesoma matengenezo ya ndege pale NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji Dar, au uko hangani Wilson au Dar na umeshafungua PT6 kwa mikono yako, niandikie kwenye komenti, nataka tufanye laivu na wewe ueleze vizuri kuliko mimi. Video ijayo nakwenda Ottawa, kwenye jumba la makumbusho ya anga, pale ipo pua ya Arrow moja iliyonusurika, nitawapigia picha za karibu.