Namba za Fomu ya Viza: Ipi Yako, Ipi ya Pasipoti, Ipi ya Maombi

Asalaam aleikum na karibuni sana, ndugu zangu wa Tanga, kuanzia Chumbageni na Makorora hadi Pongwe, pamoja na wote mnaonifuatilia kutoka kwingineko. Ninazungumza nanyi kutoka Leicester, Uingereza, na leo nimekusudia tulitazame jambo moja tu ambalo mmeniuliza mara nyingi: namba zinazotakiwa katika maombi ya viza ya kuja huku, kila moja imetoka wapi na kazi yake ni nini. Najua kwamba wengi wenu hujaziwa fomu kwenye steshenari za Ngamiani au karibu na stendi ya Kange, mkalipa, mkatoka na karatasi yenye namba nne au tano ambazo hamjaelezwa maana yake. Jambo hilo linaniumiza, kwa sababu atakayeulizwa kuhusu namba hizo ni mwombaji mwenyewe, wala si aliyemjazia.

Kabla ya kuandika namba yoyote, jiulize imetolewa na nani na imepewa kitu gani: mtu, kijitabu cha pasipoti, au jalada la maombi.

Namba ya Utambulisho wa Taifa, ambayo sote tunaiita namba ya NIDA, imepewa mtu. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, ukianza mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kiasi kwamba aliyezaliwa tarehe 5 Machi 1998 namba yake huanza na 19980305. Kadi ikipotea utapewa nyingine, lakini namba hubaki ileile. Kwa sababu hiyo, iweke mezani pamoja na cheti cha kuzaliwa cha RITA na pasipoti, uvilinganishe herufi kwa herufi na tarehe kwa tarehe. Ukikuta kimoja kinasema 1998 na kingine 1996, anza kurekebisha hukohuko nyumbani kabla hujalipia viza, kwani ofisa wa Uingereza hana mamlaka ya kusahihisha kumbukumbu za Tanzania. Yeye ataona tu watu wawili katika maombi ya mtu mmoja.

Fomu ikiuliza kitambulisho cha taifa, hapo ndipo namba ya NIDA inapokaa. Isiandikwe mahali panapoulizwa namba ya Bima ya Taifa ya Uingereza, ambayo huku tunaiita NI. Hiyo ina herufi mbili, tarakimu sita na herufi moja ya mwisho, na hutumika kufuatilia kodi na michango ya mfanyakazi. Mtu ambaye hajawahi kuishi wala kufanya kazi huku kwa kawaida hana namba hiyo, na kujibu kwamba huna si upungufu. Nasisitiza hili kwa kuwa baadhi ya wajazaji huogopa kuacha kisanduku kitupu, wakatia namba yoyote iliyo karibu, ilhali jibu la kweli lilikuwa ni kusema huna.

Namba ya pasipoti ni ya kijitabu. Barabara zetu za Ngamiani zina namba, na mtu akihama Barabara ya 9 kwenda ya 14, anwani inabadilika ingawa yeye ni yuleyule. Ndivyo ilivyo unapopata pasipoti mpya, namba inabadilika, na fomu inaweza kukutaka utaje pia ile ya zamani. Kwa hiyo kijitabu kilichokwisha muda msikitupe.

Ninakili wapi namba hiyo? Inakili kutoka sehemu ya juu ya ukurasa wa picha, usiichukue kutoka mistari miwili ya chini yenye alama nyinginyingi. Mistari ile imeandikwa kwa ajili ya mashine, kila mmoja una nafasi 44, na mara tu baada ya namba ya pasipoti huwekwa tarakimu moja ya uhakiki ambayo si sehemu ya namba yenyewe. Tarakimu hiyo hupatikana kwa kuzidisha kila nafasi ya namba kwa 7, 3 na 1 kwa zamu, herufi zikihesabiwa kuanzia A ambayo ni 10 hadi Z ambayo ni 35, kisha jumla inagawanywa kwa 10 na baki ndiyo inayoandikwa. Mimi hupendezwa na hesabu hii, maana mtu akibadilisha tarakimu moja tu ya namba, kwa kawaida mashine hung'amua. Lakini aliyenakili kutoka mstari huo bila kujua huongeza tarakimu isiyohusika, na namba yake haitalingana na kijitabu alichonacho.

Kundi la tatu ni namba za maombi. Ukiomba kutoka nje ya Uingereza utapata namba inayoanza na GWF ikifuatiwa na tarakimu tisa. Aliyelipia ada ya huduma za afya hupata nyingine inayoanza na IHS. Tangu Februari 2024 ada hiyo ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na pauni 776 kwa mwanafunzi, hivyo risiti yake ni ya kutunza. Mwanafunzi hupewa na chuo namba ya CAS, yaani cheti cha kuthibitisha kwamba amekubaliwa masomoni, na mfanyakazi hupewa na mwajiri namba ya cheti cha udhamini. Naomba mnisikilize vizuri hapa: vyeti hivi viwili ni kumbukumbu za kielektroniki zinazotambulika kwa namba. Mtu akikuonyesha karatasi nzuri yenye mihuri na kukuuzia kwa mamilioni, kwanza tafuta jina la mwajiri au chuo katika orodha ya wadhamini wenye leseni, ambayo serikali ya Uingereza huiweka wazi kwenye tovuti yake bila malipo. Kutumia udhamini wa uongo kunaweza kuhesabiwa kuwa udanganyifu, na adhabu yake inaweza kuwa kufungiwa miaka 10.

Vishoka wana njia nyingine isiyoonekana haraka. Hujaza fomu kwa baruapepe yao wenyewe na nenosiri wanalolijua wao, hivyo kila ujumbe kuhusu maombi yako unawafikia wao kwanza, na wewe unabaki kuwapigia simu na kubembeleza. Mama mmoja wa Makorora aliniandikia kwamba kijana wake alidaiwa fedha zaidi ili apewe barua yake mwenyewe. Mkijaziwa fomu, fungueni kwanza baruapepe yenu, nenosiri mliandike wenyewe, na msiondoke kabla ya kuhifadhi nakala ya fomu nzima.

Waliokwisha fika huku wana viza ya kielektroniki, na mwajiri au mwenye nyumba huonyeshwa msimbo wa muda unaodumu siku 90. Ule wa kazi huanza na W, wa kupanga nyumba huanza na R, na wa mambo mengine huanza na S. Ukipata pasipoti mpya, ingiza namba yake kwenye akaunti yako ya mtandaoni ya viza hiyo kabla ya kusafiri, la sivyo unaweza kukwama uwanja wa ndege.

Kwa walioko nyumbani ambao wamekwisha kutuma picha ya kitambulisho kwa mtu wasiyemwamini, pigeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa namba yenu ya NIDA, na mkikuta msiyoitambua, nendeni kwa mtoa huduma mkaikane. Maswali niandikieni hapa chini, nami nitayajibu; ila msiweke namba yoyote wala picha ya pasipoti, kwa sababu nitaifuta nikiiona, na huenda mwingine akawa ameiona kabla yangu.