Hayupo

Mhadhara kwa watendaji wa kata na wahudumu wa zahanati, Tanga mjini

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wagosi, najua mmenichoka. Mmoja wenu kaniona mlangoni, akamnong'oneza mwenzake, "Leo tena ile ya daftari." Naam, leo tena ile ya daftari.

Katiba inayokataza kubagua mnayo, sitawasomea. Nakwenda kwenye taarifa zenu za robo mwaka. Safu ya ME imejaa, ya KE imejaa. Ukifika kwa wenye ulemavu, sifuri. Robo inayofuata, sifuri. Tena sifuri nzuri, utadhani imechorwa kwa bikari.

Sasa, kuna zahanati moja, siitaji jina, nilikaa kwenye benchi lake tangu saa moja asubuhi. Kando yangu mama muuza vitumbua, mtoto mgongoni, kadi ya kliniki kaitia kwenye bahasha ya kaki iliyochakaa pembe. Kiziwi. Karani anaita majina dirishani, uso kauinamisha daftarini, mdomo hauonekani. Kaita jina moja, kimya. Kaliita tena, kimya. Mara ya tatu kapaza sauti mpaka kunguru wakaruka muarobainini. Halafu akaendelea na wengine.

Saa sita na nusu yule mama akaitoa kadi. Nikatupia jicho. Jina ndilo lile! Kumbe muda wote ule karani alikuwa akimpigia kelele kiziwi. Nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikamshika mkono tukaenda dirishani, nikaomba kuona daftari. Mbele ya jina lake, kwa wino wa buluu: "Hayupo." Na mtoto wake yuko pale analia, zahanati nzima inamsikia.

Basi mwisho wa mwezi taarifa inakwendaje? Wenye ulemavu waliohudumiwa, sifuri. Na yeye kaingizwa kwenye hesabu ya akina mama wazembe wasiohudhuria kliniki. Muda wa saa tano na nusu kakaa benchini, mzembe!

Najua mtaniambia, "Mama, halmashauri haina fungu." Fungu la nini? Chukua boksi la sabuni, likate vipande, andika namba kwa kalamu ya wino mzito. Kila mtu na kipande chake. Ita namba, na uinyanyue: asiyeona atasikia, asiyesikia ataona. Boksi nitawaletea mimi.

Mwingine, huyu ndiye msomi, atasema kumuuliza mtu ulemavu wake na kuuandika ni kumbagua. Aisome vizuri Ibara ya 13(5) ya Katiba. Mwishoni pale inasema neno kubagua lisitafsiriwe hivyo likaizuia Serikali kuchukua hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii. Utarekebisha nini usichokiandika? Uingereza wana Sheria ya Usawa ya 2010, sifa zinazolindwa ni tisa: umri, ulemavu, ujauzito, dini na nyinginezo, na kifungu cha 149 kinazibana taasisi za umma zizingatie usawa zinapofanya kazi zake. Msinigunie kwamba hayo ya Wazungu. Mwaka huohuo 2010 sisi tulitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9. Ya kwetu.

La mikopo, haraka. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Mnalalamika ile 2 haina waombaji. Tangazo mmelibandika wapi? Ghorofani, herufi kama mchwa. Haya, naambiwa muda. La wazee na dirisha lao nilikuwa nalo, naliacha.

Mkalimani wa alama, sogea huku kwenye mwanga, nguzo inakuziba. Kijana wa mstari wa tatu karefusha shingo tangu nianze. Ahsante, mwanangu.

Maswali. Mlangoni mmepewa vipande vya boksi. Naanza na namba 9. Tisa? Tisa hayupo? Mtendaji, hebu geuza hicho kipande chako, hiyo si 6.