Kuchagua Kambi ya Gari-Nyumba Karibu na Jiji na Njia za Mlimani: Pima Kwanza, Ndipo Ulipe

Haya, karibuni sana. Nyuma yangu ni gari-nyumba letu, mezani kuna ramani, na hii mkononi ni futi ya kupimia. Leo tunatafuta kambi ambayo asubuhi inakufikisha mlimani na jioni inakufikisha jijini bila kukumaliza nguvu njiani. Mimi kazi hii ya kuchagua naipenda karibu sawa na safari yenyewe, kwa hiyo nikizama, mnivumilie.

Tuanze na ramani. Fungua simu, weka alama tatu: unakokwenda jijini, mahali njia ya mlima inapoanzia, na kambi unayoifikiria. Wengi huchagua kambi ya katikati. Mimi huchagua ya upande wa mlima, kila mara, na sababu ni asubuhi. Mlima unataka uwahi. Maegesho ya pale njia inapoanzia hujaa mapema siku za mapumziko, na milima mingi majira ya joto hukusanya mawingu ya radi baada ya mchana. Jiji halina haraka hiyo, hata ukifika saa 10 jioni utalikuta. Tena asubuhi magari yanamiminika kuingia jijini, na wewe unakwenda upande wa pili, foleni unaitazama tu.

Halafu kilomita ziache. Km 20 za tambarare na km 20 za kona na mpando si ndugu hata kidogo. Tazama dakika, na kwenye programu weka saa yako ya kuondoka, tuseme saa 12 asubuhi. Ukimaliza, geuza ramani iwe picha ya setilaiti, uvute karibu. Hapa... mnauona huu mstari mwembamba unaopita nyuma ya miti? Hiyo ni reli. Na hapa inakatiza barabara. Treni ikikaribia makutano kama haya mara nyingi hupiga honi, usiku wa manane vilevile. Kambi hii naiacha, hata kama picha zake ni nzuri.

Kituo cha basi nacho kiangalie: ni mwendo gani kwa miguu kutoka getini, na basi la mwisho linatoka jijini saa ngapi. Gari-nyumba hulipelekei katikati ya jiji kutafuta maegesho.

Sasa hatua ya pili, na hii ndiyo iliyonifanya niwashe kamera. Kupima gari. Nawaomba: msichukue urefu ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Narudia, kitabu hakijui ulichofunga nyuma. Mwaka wetu wa kwanza niliwaambia watu wa kambi mita 9, kama kilivyosema kitabu. Rafu ya baiskeli na ngazi vilikuwa vimeongeza mita 1 na sentimita 20. Tukafika usiku, nikarudi nyuma mpaka kwenye mti, na pua ya gari ikabaki katikati ya njia ya magari mengine. Tuliondolewa saa 4 usiku, watoto wameshalala, na kambi nyingine zote za jirani zilikuwa zimejaa. Sitaki limpate mtu yeyote anayenitazama.

Fanya hivi. Chukua uzi, funga nati nzito mwishoni, hiyo ndiyo timazi yako. Nenda nyuma ya gari, tafuta kitu kilichochomoza kuliko vyote. Si bampa! Kwangu ni ncha ya rafu, hapa. Shusha uzi mpaka nati ikaribie kugusa ardhi, na... subirini, upepo unaiyumbisha. Ukichora alama sasa hivi umeshakosea sentimita 10. Kamera isogee kidogo, jua linaingia. Sawa. Ishike nati kwa vidole viwili, iachie taratibu. Inazunguka... inazunguka... imetulia. Chaki. Mbele fanya vivyo hivyo, kisha vuta futi kutoka chaki hadi chaki. Mita 10 na sentimita 20. Rafu imo? Imo. Ngazi imo? Imo. Ukivuta gari dogo nyuma, nalo lipime pamoja na chuma cha kuvutia.

Kimo pia, mpaka juu ya kiyoyozi cha paani, kwa sababu barabara za milimani zina mahandaki na madaraja ya chini. Andika namba hizi kwenye karatasi, bandika karibu na usukani.

Umeme ni hesabu fupi: volti mara ampea. Marekani Kaskazini soketi ya ampea 30 kwa volti 120 inakupa wati 3,600. Ulaya utakuta mara nyingi volti 230 na ampea 16, yaani wati 3,680, karibu yale yale. Kiyoyozi cha wati 1,500 na birika la wati 1,500 vinakwenda pamoja. Ongeza hita ya wati 1,500, swichi inakata. Maji taka: eneo lako la kuegesha lisipokuwa na bomba lake, mradi kambi ina sehemu ya pamoja ya kumwaga, kwa siku mbili tatu hakuna shida.

Baridi ndiyo inayosahaulika. Utabiri unaousoma ni wa jiji, wewe unalala mlimani, juu zaidi ya jiji. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5. Jijini usiku kukiwa nyuzi 8, kambi iliyo mita 1,200 juu zaidi iko karibu na sifuri, na mpira wa maji ulioachwa nje unaweza kuganda. Jaza tangi la ndani jioni, uuchomoe. Hewa baridi pia huteremka na kutuama bondeni, kwa hiyo eneo la kando ya kijito, zuri kwenye picha, alfajiri linaweza kuwa baridi kuliko la mteremkoni. Mimi napenda mteremko unaotazama mashariki, jua linagonga dirisha mapema.

Kilichobaki ni kuwapigia simu watu wa kambi. Nauliza manne: njia ya kuingilia ina upana gani, matawi yako juu kiasi gani, ardhi imesawazishwa au nitahitaji kabari, maana friji ya gesi haifanyi kazi vizuri gari likiinama. La nne ndilo linaloamua: urefu wa eneo la kuegesha mnaotaja unaishia kwenye changarawe, au mmehesabu na nyasi hadi kwenye mti? Kama hawajui, naomba mtu aende akapime, nami nasubiri kwenye simu. Wakinitajia mita 10, na gari langu ni mita 10 na sentimita 20, nashukuru, napigia simu kambi inayofuata.