Mkonge, Reli na Ramani ya Tanganyika

Ndugu wanafunzi, karibuni. Kwenye ratiba mmeandikiwa mada tatu za utangulizi: jiografia, mifumo ya utawala na historia ya uchumi. Leo nitazifundisha kwa pamoja kupitia zao moja, mkonge. Nina sababu. Kila mwaka napokea insha zinazoeleza kwamba mkoa fulani ni maskini kwa sababu ya udongo, mvua au umbali, halafu mwandishi anaweka nukta. Mtu aliyetawala, kodi aliyotoza na kazi aliyoitaka hatajwi kabisa.

Tuanze na ramani. Reli ya kwanza ya koloni la Wajerumani haikuanzia Dar es Salaam. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, na baadaye Moshi. Mwaka huohuo wa 1893 mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliondoka kama elfu moja, ikafika hai 62 tu. Mashamba yaliyokuja kuitangaza Tanganyika duniani yalianzia kwenye miche hiyo.

Sasa liangalieni jani lenyewe. Ni refu, zito, limejaa maji. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake, na likishakatwa halifai kukaa, maana likikauka nyuzi hazitoki vizuri. Kwa hiyo huwezi kulisafirisha mbali. Kiwanda lazima kiwe palepale shambani. Mashine ya kusindika, ile wanayoiita korona, ni ghali, inakula maji mengi na inataka majani mengi kila siku. Tena mmea huchukua miaka miwili au mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na ukishatoa mlingoti, yaani shina lake refu la maua, unakufa. Mwenye ekari mbili ataanzia wapi? Zao hili, kwa teknolojia ya wakati ule, lilimtaka mwenye mtaji, ardhi kubwa, vireli vya ndani ya shamba, na watu wengi sana wa kukata.

Mkonge unavumilia ukame, ungeweza kuota sehemu nyingi. Kilichoamua ni njia ya kuutoa. Ndiyo maana baada ya Tanga mashamba yalifuata reli ya kati mpaka Morogoro na Kilosa, na kusini yakakaa karibu na bandari ya Lindi.

Na hao wakataji walitoka wapi? Wenyeji wengi wa Tanga walikuwa na mashamba yao ya chakula, na hawakuona sababu ya kuchomwa na miiba kwa ujira ule. Hapo ndipo serikali inapoingia. Mwaka 1898 ilianza kutozwa kodi ya kibanda. Aliyekuwa karibu na soko aliuza mazao akalipa. Wa Kigoma au Songea, mbali na soko, mara nyingi alibaki na kitu kimoja cha kuuza: nguvu zake.

Waingereza walipochukua nchi hii chini ya Shirikisho la Mataifa waliuendeleza mpango huo. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi yao ya kuandikisha vibarua na kuwasafirisha kutoka mikoa ya mbali. Hao ndio manamba. Mtu alipewa kipande, yaani kadi ya kuhesabia kazi, cha siku 30. Siku ambayo hukumaliza idadi ya matita uliyopangiwa haikuhesabiwa, basi siku 30 za kipande hazikuwa siku 30 za kalenda.

Naomba mliandike hili. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Kama reli peke yake ingeleta ustawi, Kigoma ingekuwa tajiri tangu zamani. Lakini ilitumika kuwatoa watu. Kijana akiondoka mwaka mzima au miwili, kazi ya kufyeka, kulima na kujenga inabaki kwa mama, wazee na watoto. Na serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kuhimiza mazao ya biashara kule, kwa sababu mtu mwenye kahawa yake hakati mkonge wa mwenzake. Umaskini wa namna hiyo ulitengenezwa, na nasema hivyo bila kupepesa macho.

Bei nayo haikuamuliwa Tanga. Vita vya Korea viliipandisha. Mwaka 1964 uzalishaji ulifika kama tani 230,000, kisha kamba za plastiki zikaingia na bei ikaporomoka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilichukua sehemu kubwa ya mashamba. Wapo wanaosema utaifishaji ndio ulioua mkonge. Tarehe zinawapinga: bei ilikuwa imeshaanguka. Usimamizi wa umma haukuliokoa zao, hilo nalikubali. Ila kumbukeni mlingoti: usipopanda upya wakati bei iko chini, miaka kumi baadaye huna cha kukata, hata bei ikirudi.

Wiki ijayo tutapanda reli hiyohiyo ya Tanga mpaka mwisho wake. Njooni na jibu: kwa nini huko Moshi Wachaga waliweza kulima kahawa kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vyao wenyewe, na kuunda chama cha wakulima mwaka 1925, wakati Muha wa Kigoma alipewa kipande?