Zabibu ya Keats

Ndugu zangu, nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia: washairi wa ulimbwende (Romanticism), wale waliotanguliza hisia, hawakuwa watu wa kulialia. Anayewaita hivyo hajaisoma "Ode on Melancholy", shairi la huzuni, hadi mwisho, nayo ina mistari 30 tu!

Mshairi Mwingereza John Keats aliitunga mwaka 1819. Desemba iliyotangulia kifua kikuu kilikuwa kimemchukua mdogo wake, Tom, baada ya yeye mwenyewe kumuuguza. Na Keats huyu alisomea utabibu pale Guy's Hospital, London. Dawa za kulaza maumivu alizijua. Sasa shairi linaanzaje? Hapana, hapana! Usiende Lethe, mto wa usahaulifu. Usikamue mizizi ya sumu. Huzuni ikikushukia ghafla kama mvua, kalitazame waridi la asubuhi mpaka ushibe. Maana Huzuni anakaa nyumba moja na Uzuri, Uzuri usio na budi kufa, na Furaha naye mkono uko mdomoni daima, anaaga.

Mtaniambia huko ni kujitesa. Sivyo, jamani! Tazameni hii zabibu, nimekuja nayo makusudi, ya Dodoma. Ganda limekaza. Juu lina ukungu mweupe. Nikiligusa, alama ya kidole inabaki. Nikiiweka mdomoni nikaiacha tu, nina gololi baridi isiyo na ladha. Mwishoni mwa shairi Keats anataka ulimi wenye nguvu, uibane kwenye kaakaa hadi ipasuke. Ikipasuka, utamu umejaa mdomo mzima, na zabibu haipo tena. Ni tendo moja hilo, msilikate vipande viwili! Ndiyo maana anasema madhabahu ya Huzuni yamo ndani ya hekalu lenyewe la Raha, na hayaoni mtu ila aliyeipasua zabibu. Aliyeogopa kuipasua itamwozea kiganjani.

Februari 1820 Keats alikohoa damu, akaomba mshumaa aitazame rangi yake, akajua ni kifo chake. Alifia Roma tarehe 23 Februari 1821, ana miaka 25.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Shairi la ndege aimbaye usiku tuliache. Ila "To Autumn", shairi lake la majira ya vuli, nendeni mkaisome kwa sauti, ubeti wa mwisho hasa: usubi unaomboleza kando ya mto, na mbayuwayu wanakusanyika angani. Keats hasemi wanakwenda wapi. Mbayuwayu wa Uingereza, baridi ikikaribia, huja Afrika.